Warumi, Wagalatia, Yakobo au 1 Yohana: kikundi chenu kianze na waraka upi?

Kikundi cha kujifunza Biblia kikikubaliana kusoma habari za dhambi, hukumu na wokovu, anayetangulia kusema hutaja Warumi, na wengine huitikia. Nani atapinga Warumi? Wiki ya tatu mko sura ya 2, mmekwama kwenye tohara ya moyo. Mkifika sura ya 4, waliobaki ni mwalimu, mkewe na yule ndugu asiyekosa kikao hata mvua inyeshe. Sura ya 8, ambayo pengine ndiyo mliyoihitaji kuliko zote, hakuna aliyeifikia.

Sina neno na Warumi. Ninachosema ni kwamba haufai kila kikundi, na Wakristo wa kwanza hawakufundishwa wokovu kwa mtaala mmoja. Wagalatia waliandikiwa kwa ukali kwa sababu walikuwa wanaambiwa watahiriwe. Warumi waliandikiwa kwa upole na kwa urefu kwa sababu mwandishi hajawahi kufika kwao. Yakobo aliwaandikia watu waliokuwa wepesi kusema "tunaamini" na wazito kutoa. Kila barua ilifuata shida iliyokuwepo, na nadhani hata leo hicho ndicho kipimo kizuri cha kuchagulia.

Hapa nazipanga nne sambamba. Waebrania nitaugusa tu, kwa sababu nitakayoeleza. Maneno ya Biblia nimeyachukua katika tafsiri ya Union, iliyo mikononi mwa wengi.

| | Warumi | Wagalatia | Yakobo | 1 Yohana |
|---|---|---|---|---|
| Sura | 16 | 6 | 5 | 5 |
| Wasomaji wa kwanza | Kanisa ambalo Paulo hakulianzisha | Makanisa aliyoyaanzisha mwenyewe | "Kabila kumi na mbili waliotawanyika" | Waamini ambao baadhi ya wenzao wamewaacha (2:19) |
| Shida iliyokuwepo | Wayahudi na watu wa Mataifa katika kanisa moja | Wameambiwa imani haitoshi mpaka watahiriwe | Imani ya mdomoni, upendeleo kwa matajiri | Mashaka baada ya mgawanyiko |
| Mstari wa kuushika | 3:23-24 | 2:16 | 2:17 | 1:9 |
| Ugumu wa kusoma | Mkubwa | Wa kati | Mdogo | Mdogo kwa lugha, mkubwa kwa maana |

Barua zenyewe

Warumi uliandikwa Korintho, yapata mwaka 57. Paulo alikuwa safarini kupeleka Yerusalemu mchango wa makanisa ya Makedonia na Akaya, kisha alitaka apitie Rumi akielekea Spania (15:24-28). Aliyeshika kalamu ni Tertio, na anajitaja mwenyewe katika 16:22. Fibi wa Kenkrea, bandari iliyo jirani na Korintho, ndiye anayeombewa mapokezi katika 16:1-2, na wengi wanaamini ndiye aliyeubeba waraka. Kwa hiyo hii ni barua ya mtu anayejitambulisha kwa watu atakaohitaji msaada wao, na ndiyo maana anapanga hoja polepole na kujibu maswali kabla hayajaulizwa.

Wagalatia ni kinyume chake. Hakuna shukrani mwanzoni, desturi ambayo Paulo huiacha kwa nadra sana. Anasalimu, kisha anawaka: anastaajabu kwamba wamegeuka upesi hivyo. Katika sura ya 2 anasimulia jinsi alivyomkabili Kefa, yaani Petro, mbele ya watu kule Antiokia kwa sababu aliacha kula na watu wa Mataifa. Sura ya 3 inafungua kwa "Enyi Wagalatia msio na akili, ni nani aliyewaloga?" Anayeogopa kwamba Biblia itawachosha vijana na aanze hapo.

Mapokeo yanasema mwandishi wa Yakobo ni yule ndugu wa Bwana aliyeongoza kanisa la Yerusalemu na kuuawa mwaka 62, kama mwanahistoria Yosefo alivyoandika. Waraka wa kwanza wa Yohana haumtaji mwandishi wake popote. Mapokeo ndiyo yanayompa Yohana.

Dhambi

Tofauti ya kwanza iko hapa, na wengi huipita bila kuiona.

Katika Warumi, dhambi ni zaidi ya jambo ovu ulilofanya jana. Ni mtawala. Iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja (5:12), ikatawala katika mauti (5:21), inakaa ndani ya mtu na kumfanya atende asilolitaka (7:17-20), na inalipa: "mshahara wa dhambi ni mauti" (6:23). Kabla ya hapo Paulo ametega mtego mzuri sana. Sura ya 1 inataja maovu ya watu wasiomjua Mungu, na msomaji mcha Mungu anatikisa kichwa akikubali. Sura ya 2 inamgeukia yeye: "wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru." Kikundi kinachopenda kuzungumzia dhambi za majirani kinapaswa kusoma sura hizo mbili katika kikao kimoja.

Yakobo yuko chini kabisa, barabarani. Dhambi kwake ni kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule (2:2-3). Ni ulimi. Ni kuzuia ujira wa vibarua waliovuna mashamba yenu, ujira ambao unapiga kelele wenyewe (5:4). Ni hata kutofanya kitu: ajuaye kutenda mema wala hayatendi, kwake huyo ni dhambi (4:17). Hoja ya chanzo chake anaimaliza kwa aya mbili: tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti (1:14-15). Hamtaji Adamu. Anakutaja wewe.

Wagalatia ina orodha ya matendo ya mwili katika 5:19-21, ambayo wahubiri huitumia kwa uasherati, uchawi na ulevi. Ihesabu vizuri. Yametajwa mambo kumi na tano, na manane kati yake ni uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi na husuda. Zaidi ya nusu ya orodha inawahusu watu wasiotia mguu baa wala kwa mganga, lakini hawajasalimiana na mwanakwaya mwenzao tangu Pasaka.

1 Yohana ndiyo inayotatiza. Sura ya 1 inasema tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe. Sura ya 3 inasema kila aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba 3:9 inamhusu anayeendelea kuishi katika dhambi kama njia yake, wala si anayejikwaa. Naliona ni jibu zuri, ila msilitoe haraka. Acheni kikundi kipambane nalo kwanza, maana waliojitenga na kanisa hilo yaonekana walijiona wamekwisha vuka habari ya dhambi, na Yohana anaandika akiwa na watu hao kichwani.

Waraka huu una historia ya pekee kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika, uliishi kwa 1 Yohana 1:7: kuenenda nuruni, kushirikiana, kusafishwa kwa damu ya Yesu. Ndugu walisimama wakaungama mbele ya wenzao, wakarudisha vya wizi, wakaombana msamaha. Anayetaka kujua neno "mlokole" lilikuwa na uzito gani kabla halijawa la utani, aanze na sura hiyo.

Hukumu

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu nyaraka zote nne zinakubaliana kuliko watu wanavyodhani. Hakuna hata mmoja unaosema mwenye imani hatahukumiwa kwa alivyoishi. Paulo yuleyule wa "kwa imani" anaandika kwamba Mungu atamlipa kila mtu kwa kadiri ya matendo yake (Warumi 2:6), na kwamba sisi sote tutasimama mbele ya kiti cha hukumu (14:10). Wagalatia 6:7 ndiyo ile ya kupanda na kuvuna. Yakobo anaongeza onyo ambalo kila mwongoza kikundi alisome kabla hajakubali kazi: walimu watapata hukumu kubwa zaidi (3:1).

Tofauti iko katika unamwendeaje huyo hakimu. Warumi 8:1 inasema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Yakobo anasema huruma hujitukuza juu ya hukumu, lakini asiyeona huruma asiitarajie (2:13). Yohana anakwenda mbali kuliko wote: anataka tuwe na ujasiri katika siku ya hukumu, kwa kuwa pendo lililo kamili huitupa nje hofu (4:17-18). Mwenye kikundi cha watu wanaolala na hofu ya kiama, majibu yake yako hapo, na si katika Ufunuo anakokimbilia.

Na sasa Waebrania. Una mstari unaosomwa karibu kila msibani, wa kwamba watu wamewekewa kufa mara moja na baada ya kufa hukumu (9:27), na sura ya 11 juu ya imani haina mfano. Lakini 6:4-6 inasema waliokwisha kupewa nuru wakaanguka haiwezekani kuwafanya upya hata watubu, na 10:26 inafanana nayo. Aya hizo ziliwasumbua Wakristo wa mwanzo kwelikweli. Katika karne ya 2 mtu mmoja wa Rumi aitwaye Hermasi alifundisha kwamba baada ya ubatizo ipo toba moja tu. Baadaye wapo walioahirisha ubatizo mpaka uzeeni ili wasiharibu, na mfalme Konstantino alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa. Kama kanisa lenyewe lilihangaika hivyo, kikundi kichanga kisianzie hapo. Usomeni mwaka wa pili.

Wokovu kwa imani: Ibrahimu wa nani?

Hili ndilo swali linalovunja vikundi, basi tulikalie.

Paulo anaandika: "mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria" (Warumi 3:28). Yakobo anaandika: "mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake" (2:24). Hakuna haja ya kupunguza makali. Aya hizi zikiwekwa pamoja zinagongana, na wote wawili wanamleta shahidi mmoja, Ibrahimu, kwa mstari mmoja, Mwanzo 15:6: alimwamini Mungu, akahesabiwa haki.

Angalieni kila mmoja anaufuatisha na nini. Paulo anarudi kwenye kalenda ya maisha ya Ibrahimu: alihesabiwa haki katika sura ya 15, akatahiriwa katika sura ya 17. Basi alikuwa mwenye haki kabla ya alama yoyote mwilini, na mtu wa Mataifa anaweza kuingia kwa mlango huohuo (Warumi 4:10-11, Wagalatia 3:6-9). Yakobo anakwenda mbele, sura ya 22, Isaka juu ya madhabahu, na kusema hapo ndipo yale maandiko yalipotimizwa, imani ikakamilishwa kwa matendo. Kisha anamwongeza Rahabu, kahaba wa Yeriko, ambaye hakuna aliyemtarajia baada ya baba wa imani.

Paulo anaulizwa: mtu asiye Myahudi anaingiaje? Yakobo anaulizwa: huyu aliyekwisha kuingia, anayemwona ndugu hana nguo wala riziki, akamwambia "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", imani yake ni ya aina gani? Matendo anayoyakataa Paulo ni ya sheria, yanayodaiwa kama masharti ya kuingia, na tohara ikiwa mbele. Imani anayoikataa Yakobo ni ile ambayo hata mashetani wanayo, na wanatetemeka (2:19). Paulo mwenyewe ana msemo unaowakutanisha: "imani itendayo kazi kwa upendo" (Wagalatia 5:6).

Kwa maoni yangu hawapingani. Ila siamini kwamba wangekaa meza moja wakaandika sentensi moja, na sioni faida ya kuwalazimisha. Kanisa la Rumi, yapata mwaka 96, lilituma barua Korintho, ile inayoitwa ya Klementi, na ndani yake sura ya 30 inawaambia wasomaji wahesabiwe haki kwa matendo wala si kwa maneno, kisha sura ya 32 inasema hatuhesabiwi haki kwa nafsi zetu wala kwa matendo yetu bali kwa imani. Zimepita sura mbili tu. Mwandishi hakuona aibu yoyote.

Baadaye watu waliona. Luther, katika dibaji zake za Agano Jipya za mwaka 1522, aliuita Yakobo waraka wa majani makavu akiulinganisha na Warumi na Wagalatia, ingawa hakuutoa katika Biblia yake. Mabishano hayo yaligawa Ulaya na yakaja kwetu pamoja na wamisionari. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, ambamo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama, walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Tamko linakiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu, na kwamba tunapokea Roho anayetuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Nalitaja kwa sababu vikundi vya mtaani na vya kazini siku hizi vina Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste katika chumba kimoja, na bado wapo wanaobishana kana kwamba hakuna aliyewahi kukaa wakazungumza.

Sasa chagueni

Kama watu wenu wanaambiwa kwamba imani yao imepungukiwa na kitu, iwe ni siku fulani, chakula fulani, chupa ya mafuta au sadaka ya kufungua milango, someni Wagalatia. Hamtahitaji kumtaja mhubiri yeyote. 4:10-11 itawatosha, Paulo anapoogopa kuwa amejitaabisha kwao bure. Tahadhari ni moja: kikundi ambacho tayari kinapenda uhuru kitasimama kwenye 5:1 na kusahau 5:13, "uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili." Mwongozaji asiruhusu kikao kiishie kati ya aya hizo.

Kama mmeokoka zamani, mnajuana, mna vyeo kanisani na wafanyakazi wa ndani nyumbani, someni Yakobo. Utauma. 5:16 inasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kikundi kitakachothubutu kuifanya hiyo hakitakuwa kilekile. Kasoro ya Yakobo kama waraka wa kwanza ni kwamba Kristo anatajwa kwa jina mara mbili tu (1:1 na 2:1), wala msalaba hautajwi. Mtu asiyeijua injili akianza hapo anaweza kuondoka akidhani Ukristo ni tabia njema.

1 Yohana ni ya wenye mashaka, na hasa vijana wanaookoka upya kila mkutano wa injili ukija mjini. Lengo lake limeandikwa wazi katika 5:13: mjue ya kuwa mna uzima wa milele. Haisemi mtumaini kwa bahati. Ila haina mpangilio wa hoja. Inazunguka na kurudia, na mwongozaji anayependa vichwa vya somo atateseka. 5:16, penye dhambi ya mauti, semeni mlichonacho kisha songeni mbele.

Na Warumi? Ndiyo, kama mwongozaji ameusoma wote mwenyewe na kikundi kina miezi minne ya kukutana bila kukatizwa. Anzeni kwa kuusoma wote kwa sauti, kwa kupokezana, jioni moja. Ni kama saa moja na kidogo, na ndivyo walivyoupokea Rumi, kwa masikio. Baada ya hapo msikate sura kwa sura bila kufikiri. Kikao kisiishie kamwe kwenye 3:20, watu wakaenda nyumbani na hatia ya wiki nzima. Fikeni 3:26. Vivyo hivyo 7:24 na 8:1 zisitenganishwe. Sura za 9 hadi 11 juu ya Israeli msiziruke, hata kama ni nzito, kwa kuwa ndizo zinazozuia watu wa Mataifa wasijivune.

Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki zina njia nyepesi zaidi: zifuate masomo ya Jumapili, yanayozunguka kwa miaka mitatu iitwayo A, B na C. Warumi husomwa kwa majuma mengi Mwaka A, Yakobo Jumapili tano za Mwaka B, 1 Yohana kipindi cha Pasaka cha Mwaka B, na Wagalatia Mwaka C. Kikundi kikiongeza tu sura zinazoachwa kati ya Jumapili na Jumapili, kitakuwa kimesoma nyaraka zote nne ndani ya miaka mitatu.

Mkinilazimisha nichague kwa kikundi nisichokijua, nitasema Wagalatia kisha Yakobo, mfululizo, bila likizo kati yake. Ni sura kumi na moja, sura moja kwa wiki, chini ya miezi mitatu. Mtakuwa mmemsikia Paulo akiwa na hasira na Yakobo akiwa na hasira, kila mmoja kwa sababu yake, na Warumi mtaufungua mkijua tayari ugomvi ulikuwa juu ya nini. Kwenye Wagalatia 4:21-31, habari za Hajiri na Sara, msikae zaidi ya nusu saa. Na wiki ya Yakobo 5:1-6, waambieni wenye vibarua wasikose.